Uzi maalumu: Uliyewahi kwenda fildi ya afya ya jamii, ilikuwaje? Kuna mdogo wangu anaanza wiki ijayo

Kibuyu Chirizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alichaguliwa kijijini kwao kwenda kusomea uhudumu wa afya ya jamii. Ni ile programu iliyozinduliwa Januari 2024, ya wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wawili kila kitongoji. Darasani wamemaliza, Jumatatu anaanza vitendo. Jana usiku kanipigia: "Dada, fildi ikoje?" Nikamwambia nakupigia. Mpaka sasa sijampigia, maana sijui nianzie wapi. Naandika hapa, nanyi mjazie, nitamtumia uzi mzima asome mwenyewe.

Mimi nilisoma cheti cha mwaka mmoja cha afya ya jamii, 2016/17. Chuo sikitaji. Fildi nikapangiwa Rufiji, kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto. Nilibeba koti jeupe, bango kitita la lishe (yale mapicha ya kufundishia unayofunua moja moja), tepe za kupimia mkono wa mtoto, daftari la fildi lenye safu za kujaza, na kilo tano za sembe, kwa sababu mama alisikia Rufiji hawali ugali.

Nafika mwezi wa nne, kijiji kitupu. Kuku, mbuzi wawili, na mzee mmoja asiyeona amekaa barazani na mjukuu wake. Nikajua kuna msiba mahali. Kumbe ni msimu! Mpunga unaanza kubeba, watu wote wamehamia bondeni kwenye madungu, vibanda vya kulindia shamba, mchana wanafukuza ndege, usiku nguruwe. Ratiba yangu iliyogongwa muhuri inasema "Wiki ya kwanza: kutembelea kaya 50". Kaya zenyewe ziko juu ya nguzo katikati ya mpunga, na mimi sina hata mtumbwi.

Siku tatu nilizimalizia kwa yule mzee, namsomea bango kitita. Nasema namsomea kwa kuwa kumwonyesha isingewezekana. Alinisikiliza kwa adabu kundi la kwanza la vyakula hadi la tano. Nilipomaliza akauliza, "Sasa mjukuu wangu, hiyo karoti inaota wapi?"

Nitaendelea, nimwogeshe mtoto kwanza.

Mpiga Debe

Nimeweka kiti mbele kabisa. Koti jeupe, Rufiji, masika?

Kibuyu Chirizi

@Mpiga Debe lilikuwa jeupe siku moja.

Babu Redio

Hamjambo wajukuu. Mnaona fildi ni ya kwenu peke yenu.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni inaitwa Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili wazima walijiandikisha kwenye vikundi, kila wiki mnakaa chini ya mwembe mnasikiliza kipindi cha redio, halafu mnasoma kijitabu, halafu mnajadili: malaria, kuhara, kichocho. Mimi nilikuwa darasa la sita. Kikundi cha baba yangu msomaji alikuwa mgonjwa mara kwa mara, basi wakaniita mimi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anawasomea wazee kuhusu kinyesi! Wiki ya kwanza nilisoma lile neno nikanyamaza. Mzee mmoja akasema, "Soma, kijana. Sisi wote tunakunya." Wakacheka, na tangu siku ile sikuona haya tena.

Mafunzo yangu ya afya ni hayo, sikupewa cheti. Tulichimba choo kila nyumba. Ila niseme ukweli, kuna vyoo vilichimbwa kwa ajili ya mkaguzi. Kwa jirani yetu kile choo kilikuwa stoo ya mahindi hadi alipofariki.

Kibuyu Chirizi

Shikamoo babu. "Soma, kijana" nimeinakili kwenye daftari.

Duka la Kona

Mimi nina duka la dawa muhimu mwaka wa tisa huu. Mniwie radhi, lakini elimu, elimu, elimu, hivi hamchoki? Mama anajua kunawa mikono kuliko huyo mwanafunzi wenu. Hana maji. Anajua mtoto ale mayai, ana kuku, lakini yai analiuza apate chumvi. Halafu anakuja binti wa miaka ishirini na bango la picha kumfundisha mayai ni mazuri. Mwaka jana wamekuja wengine wa chuo kingine, dodoso lile lile: choo unacho? chandarua unacho? Mama mmoja hapa jirani akawajibu, "Chandarua ninacho, ni kile mlichokihesabu mwaka juzi."

Kibuyu Chirizi

@Duka la Kona sikukatalii, na jina langu humu lina historia ya hilo hilo.

Lengo la wiki ya nne lilikuwa vibuyu chirizi 20. Kwa wasiojua, ni dumu la lita tano lililotobolewa, unalining'iniza karibu na choo kwa kamba, unakanyaga kijiti, maji yanachirizika, unanawa bila kushika kitu. Nilifunga kumi na viwili kwa mikono yangu, nikapiga picha na simu ya kuazima, nikajaza safu. Baada ya wiki mbili yamebaki matatu. Nikaanza kununa, watu hawa hawathamini. Mama mmoja akaniita pembeni kwa upole, "Mwanangu, dumu ni mali. Hilo ulilotoboa ndilo nilikuwa nachotea maji ya kunywa kule dunguni." Kumbe madumu niliyochangiwa ndiyo waliyokuwa nayo. Aliona aibu kumnyima mgeni.

Kwenye daftari la fildi bado yanasomeka kumi na mawili.

Sasa nieleze lililonifanya nifungue uzi.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja kijijini kuchukua chumvi, akanivusha. Kule dunguni nikaanza kupima watoto mkono. Ule utepe una rangi: kijani ni kuanzia sentimita 12.5 kwenda juu, njano hapo chini yake, nyekundu ni chini ya 11.5, utapiamlo mkali, huyo ni wa kupelekwa zahanati bila mjadala. Nilipima kama thelathini, njano zikaja nne, nyekundu hakuna. Nikafurahi. Nikatoa somo la lishe, wakapiga makofi, nikajaza: "Elimu ya lishe, walengwa 34."

Jioni bibi mmoja, mkunga wa jadi na ndiye kungwi wa pale, ananiambia, "Umepima watoto waliotolewa nje." Nikauliza kuna ambao hawakutolewa? Akatafuna tambuu yake kwanza. "Mtoto aliyebemendwa nani atakuletea mbele za watu?"

Waliokulia mjini labda hawajui. Mtoto anayenyonya akikonda, akaharisha, akachelewa kutembea, watu wanasema kabemendwa, yaani baba au mama hakuvumilia, au katoka nje ya ndoa, na mtoto ndiye kabeba. Sasa hebu fikiria mama wa mtoto kama huyo. Akimtoa nje apimwe, utepe wangu ukionyesha nyekundu, mimi naona sentimita. Majirani wanaona kesi ya ugoni.

Chuoni tulisoma kubemenda? Mstari mmoja, chini ya kichwa "Imani potofu". Mtihani uliuliza "taja imani potofu tano", nikaitaja, nikapata maksi mbili.

Mpiga Debe

Usitukatie hapo dada.

Kibuyu Chirizi

Nilitaka niende kesho yake nimweleze yule mama kwamba kubemenda hakuna. Bibi akaniambia ukifanya hivyo atahama dungu. Alikwenda yeye, usiku, peke yake. Alimwambia nini sijui, na nilipomuuliza alinijibu, "Hayo ni ya kwetu wazazi, wewe bado." Alfajiri wakafika wote wawili mtumbwini, mtoto kafunikwa kanga nzima, hata pua haionekani. Tukapima tukiwa majini, katikati ya mto, ambako hakuna jirani. Sentimita 10.9.

Zahanati wakatuandikia rufaa, mtoto akaanzishiwa chakula dawa, kile cha kutibu utapiamlo mkali. Ana miezi kumi na saba. Bibi alimtolea na dawa yake ya kuoga pia, mimi nikajifanya sioni. Wiki ya mwisho ya fildi alikuwa 11.8 na anavuta kamba ya kaptula ya mwenyekiti.

Kuiandika hii habari nikakosa safu. Kulikuwa na "idadi ya walioelimishwa", "idadi ya vipeperushi", "idadi ya mikutano". Nikaiandika pembeni kwa penseli, msimamizi alipokuja akanambia nifute, daftari linachafuka.

Nshomile Mdogo

Mimi sikupita chuo. Nilikuwa mhudumu wa kujitolea Bukoba Vijijini, Machi 2023, Marburg ilipotangazwa, ule ugonjwa wa virusi unaoambukiza kwa kugusana. Wagonjwa walikuwa tisa, sita walifariki, na tarehe 2 Juni ndipo ilitangazwa imekwisha. Mafunzo yangu yalikuwa siku mbili. Kazi: kuwatembelea watu waliokutana na wagonjwa, siku 21, kila siku unawapima joto, unaandika.

Siku mbili zile tulifundishwa vizuri, sina lawama. Ila kuna ambalo hakuna wa kukufundisha. Hapa kwetu ukimkuta mtu mzima unamshika mkono, unauliza habari za nyumbani, za jana, za ng'ombe. Sasa unasimama hatua mbili, mikono nyuma, na msiba uko ndani! Shangazi yangu mwenyewe aliniambia, "Umekuwa mzungu lini?" Na kile kipimajoto unakielekeza kwenye paji la uso kama bastola. Nyumba ya kwanza mtoto alipiga yowe akakimbilia mgombani.

Nikabuni. Nikifika napiga magoti mbali, pale uani, nasalimia kirefu, habari zote hadi za ng'ombe. Kisha naelekeza kile kipimajoto kwangu kwanza, nasoma kwa sauti, "Mimi 36.4, haya tuone nani kanizidi." Watoto wakaanza kunisubiri barabarani. Siku ya 21 shangazi alinipikia matoke, akayaweka kwenye jani hatua mbili kutoka alipokaa, akasema, "Kula huko huko kwenye mipaka yako."

Mkufunzi Mstaafu

Nimesoma kimya kimya, sasa naona nijibu, maana huyo msimamizi aliyesema daftari linachafuka angeweza kuwa mimi.

Nimefundisha miaka mingi. Nitawaambia hali ilivyo upande wa pili wa daftari. Wanafunzi themanini na kitu, vijiji kumi na vinne, gari moja, wasimamizi watatu, na mafuta ya safari mbili. Kila mwanafunzi anapata nusu saa. Ndani ya nusu saa huwezi kumsikiliza mtu aeleze mambo ya mtumbwini. Unaangalia sahihi ya mganga mfawidhi, muhuri wa mtendaji wa kijiji, namba kwenye safu, unaondoka kabla mvua haijafunga barabara. Zile safu zipo kwa sababu namba inasahihishika. Binti angeandika kurasa tatu za kubemenda, ningempa maksi ngapi? Na yule aliyeandika kurasa tatu za uongo mtamu?

Maana uongo upo. Niliwahi kupokea madaftari matano ya kijiji kimoja yenye walengwa 34 kila mkutano, wote watano. 34, 34, 34.

Kibuyu Chirizi

Mwalimu, 34 yangu ilikuwa ya kweli jamani 😅

Mkufunzi Mstaafu

Ndiyo maana imenishtua.

Duka la Kona

Mwalimu angalau umekiri. Lakini basi mngeuliza msimu wa shamba kabla ya kupanga ratiba. Simu moja kwa mtendaji wa kijiji haihitaji mafuta.

Mkufunzi Mstaafu

Hilo sina jibu lake. Kalenda ya chuo inafuata mitihani.

Bahari Mbili

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Huku sisi twaitwa wahamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 tulizinduliwa pale Uhuru Park, kama laki moja hivi, tukapewa mkoba: mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani, na simu ya kutuma ripoti. Kila mmoja na nyumba zake, kama mia. Posho ni shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Ikija, huja.

Ninalotaka kumwambia huyo mdogo wako: mkoba wabadilisha kila kitu. Zamani nikibisha hodi, "Huyo mama wa vyoo yuaja." Nilipokuja na mashine ya presha, wazee waliokuwa wanipita kama kigogo wakaanza kunipa kiti. Wamenipa kiti kwa ajili ya mashine, na nikishakaa ndipo naongea na mkaza mwana wao kuhusu kliniki. Twafunzwa ya kwamba mazungumzo ndiyo kazi na mashine ni nyongeza. Kwangu mimi bila ile nyongeza singefika barazani.

Lakini pia mashine ina balaa lake. Umempima mtu sukari, imepanda, zahanati hakuna dawa. Wiki ijayo wapita, afunga mlango. Ukimwambia mtu ni mgonjwa na huna pa kumpeleka, umemwachia nini?

Duka la Kona

Huyu mama wa Kenya ndiye aliyesema nilichotaka kusema, kwa adabu zaidi.

Na kwa kuwa mmenipa nafasi, na mimi nikiri langu. Mwezi uliopita mama kanunua pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, mtoto anaharisha. Siku ya pili karudi, mtoto hali mbaya zaidi, analia kiu. Nikamuuliza amechanganyaje. Pakiti nzima kwenye kikombe cha chai. Aliona ikiwa kali itaponya upesi, kama panadoli mbili. Pakiti imeandikwa lita moja, lakini "lita" kwake ni neno la petroli. Sasa kaunta kwangu ninayo chupa tupu ya maji ya lita moja, kila anayenunua namshikisha chupa mkononi, namwambia jaza hii mpaka hapa, pakiti yote, isipoisha leo, kesho mwaga utengeneze nyingine. Na zinki ni siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshakaza, maana wengi wanaacha siku ya pili wanamtunzia mtoto mwingine.

Mpiga Debe

Kwa hiyo mzee wa "elimu, elimu, hamchoki" anafundisha kaunta kila siku bure 😂

Duka la Kona

Sio bure, nauza chupa.

Kibuyu Chirizi

Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Kuna aliyeniuliza kwa ujumbe wa faragha kama nilipata kazi. Sikupata. Darasa letu tulimaliza, tukapewa vyeti, nafasi zikasubiriwa mpaka tukaacha kusubiri. Nauza vitenge Kibaha. Wateja wananiita nesi kwa sababu nikimwona mtoto aliyekonda siwezi kuvumilia, naanza kumchezea mkono huku napima kwa vidole. Utepe mmoja bado ninao, uko kwenye droo ya chenji.

Mdogo wa Kibuyu

Shikamooni wakubwa wote. Dada kanitumia, nimesoma yote, nimeogopa zaidi 😭 Nina maswali. Mosi, nimepangiwa kitongoji ambacho sicho changu, hakuna anayenijua, siku ya kwanza naanzia wapi? Pili, koti nivae nisivae? Tatu, nikiulizwa kitu nisichokijua nifanyeje?

Babu Redio

Marahaba mjukuu. La tatu: sema sijui, nitauliza, kesho nitaleta jibu. Kisha kesho ulilete kweli. Kijijini wanakumbuka nani aliahidi akarudi.

Nshomile Mdogo

Koti acha begini. Vaa kanga kiunoni, utaonekana binti wa watu.

Bahari Mbili

Mimi nasema koti valia, ila uwavulie mlangoni. Wakuone wavua, kama kiatu.

Mkufunzi Mstaafu

Binti, beba daftari mbili. Moja la msimamizi, lijaze safu zake zote, usimtie mwenzangu matatani. La pili la kwako, andika maneno ya watu kama walivyoyasema wenyewe, pamoja na jina la ugonjwa wanalolitumia wao. Wakisema degedege, andika degedege, usiandike "homa kali yenye mishtuko". Wakisema meno ya plastiki, yale ya mtoto mchanga wanayodai yanamletea ugonjwa, andika hivyo hivyo, na uulize nani anayang'oa. Ukimaliza fildi, nitafute humu ndani. La pili ndilo ningependa kulisoma.

Kibuyu Chirizi

Mdogo wangu, la kwanza ni hili: ukifika, muulize mwenyekiti watu wako wapi, usiulize kaya ni ngapi. Akikuambia kuna msiba, usirudi kulala. Nenda msibani, usiwe na bango, usiwe na daftari, omba kazi jikoni. Na upige simu leo, uulize kama huko ni msimu wa kuvuna.

Mdogo wa Kibuyu (Jumatatu)

Nimefika. Hakuna mavuno, nilipiga simu. Mwenyekiti hayupo, kaenda msibani kitongoji cha pili. Nimemfuata. Nipo nyuma ya nyumba, wamenipa sufuria la wali nisugue, limeungua chini vibaya mno. Mama mmoja hapa pembeni kaniuliza mimi ni wa nani. Nitawaletea jibu usiku, mikono ina masizi.